Chumba cha Wawili, Familia ya Watu Sita

Mtu anayesafiri peke yake katika Kitui na Makueni hapati taabu ya mahali pa kulala. Akishuka kwenye matatu mjini Kitui saa mbili za usiku, au akishukia Mwingi, Wote, Emali, Kibwezi au Mtito Andei, hatatembea mbali kabla ya kuona kibao kinachomkaribisha. Atalipa, atapewa ufunguo, taulo, kipande cha sabuni na kandambili zisizolingana, na shughuli itakuwa imekwisha. Mwenye taabu ni yule anayeshuka akiwa amembeba mtoto mmoja mgongoni, amemshika wa pili mkono, na wengine wawili wanamfuata nyuma wakigombania chupa ya maji. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, na sina haja ya kwenda mbali kumtafuta, kwani ndimi. Mimi na mke wangu tuna watoto wanne, wa kwanza ana miaka tisa na kitindamimba hajatimiza miwili, na kwa sababu za kazi na za ukoo tumekuwa tukizunguka Ukambani takriban kila likizo.

Yamkini msomaji atasema kwamba hili ni tatizo la watu wenye fedha za kustarehe. La hasha. Watu ninaokutana nao katika baraza za gesti wakiwa na watoto wadogo si watalii. Ni wazazi waliokuja kumwona mtoto wa shule ya bweni na ambao hawana wa kumwachia wadogo zake nyumbani. Ni watu wa mazishi na wa mahari. Zaidi ya wote ni walimu. Tangu mwaka 2018, Tume ya Kuajiri Walimu ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao za nyumbani, nyumba nyingi za walimu zimeishi katika mabara mawili: baba yuko Mutomo, mama na watoto wako Kakamega. Hata baada ya sera hiyo kulegezwa, wapo wengi ambao hawajarudi. Chumba alichopangiwa mwalimu karibu na shule mara nyingi hakiwatoshi watu sita, na familia inapokuja kumtembelea wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, ni lazima walale mahali.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu istilahi, maana walimu wa Kiswahili hawatanisamehe nikiliruka. Katika Kiswahili cha Kenya, hoteli kwa kawaida ni mahali pa kula. Kibao kikisema 'Hoteli' kando ya barabara ya kutoka Kitui kwenda Mutomo, ndani utapata chai, chapati, muthokoi na nyama ya mbuzi, wala hutapata kitanda. Wakamba wenyewe hupaita mahali hapo mukawa, neno ambalo bila shaka ni ndugu wa mkahawa. Anayetaka kulala hutafuta gesti au lojingi. Nimewahi kumwona mgeni wa kutoka Unguja, mwenye watoto watatu, akizunguka hoteli nne mfululizo akiuliza vyumba, na mara nne akaletewa orodha ya vyakula.

Sasa turudi kwenye hesabu, kwani shida yote imelala humo. Gesti za bei nafuu katika kaunti hizi mbili zina kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: chumba ni cha watu wawili. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 1,500. Mume na mke wakija peke yao watalipa 1,500. Wakija na watoto wanne, mhudumu wa mapokezi atawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, hata yule aliyelala begani, kisha atasema kwa upole kwamba wanahitaji vyumba vitatu. Hizo ni shilingi 4,500 kwa usiku mmoja. Kama angekubali kutandika magodoro mawili sakafuni na kutoza shilingi 300 kwa kila godoro, bei ingekuwa 2,100, naye angebaki na vyumba viwili vya kuwapa wageni wengine. Safari ya siku nne inatofautiana kwa shilingi 9,600. Kwa mwalimu aliyeanza kazi juzi, hizo si fedha za kuchezea, na watu wa namna hii huamua kusafiri usiku kucha na watoto mapajani ili kukwepa gharama ya malazi. Barabara ya Mombasa usiku, pamoja na malori yake, si mahali ambapo ningependa kumwona mtoto yeyote.

Ajabu ni kwamba wafanyabiashara wengine wote wanajua kumhesabu mtoto. Utingo wa matatu, ambaye hatumweki katika orodha ya watu wenye huruma kubwa, anakubali kwamba mtoto wa kupakatwa halipi. Treni ya Madaraka Express ilianza safari mwaka 2017, na ile inayosimama vituo vya njiani hushusha abiria Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Hiyo nayo huwatoza watoto wadogo nusu nauli na wachanga haiwatozi kitu. Mama muuza chakula hukubali sahani moja igawanywe mara mbili. Ni gesti pekee ambayo mbele yake mtoto wa mwaka mmoja anakuwa mtu mzima kamili.

Wala familia hizi si kubwa kupita kiasi. Uchunguzi wa uzazi wa miaka ya 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Ule wa mwaka 2022 ulipata watoto 3.4. Wazazi wawili na watoto watatu au wanne ni watu watano au sita. Inakuwaje basi chumba cha kawaida kiwe cha wawili?

Jambo linaloniumiza kuliko fedha ni usalama. Mzazi akikubali vyumba vitatu, ina maana kwamba watoto wawili, wa miaka saba na tisa, watalala peke yao, labda upande wa pili wa ushoroba, katika nyumba iliyojaa wapita njia wasiofahamiana. Utaufunga mlango wao kwa ufunguo kutoka nje ili wasitoke na mtu mwingine asiingie? Madirisha mengi ya gesti zetu yana vyuma visivyofunguka. Sisi tunaofanya kazi ya ualimu Ukambani hatuhitaji kukumbushwa maana ya mlango uliofungwa na dirisha lenye vyuma. Kyanguli, katika Machakos jirani, usiku mmoja wa Machi mwaka 2001, wanafunzi 67 walifariki bwenini kwa moto. Tangu hapo, mimi sijakubali kuwatenga wanangu katika chumba ambacho siwezi kuufikia mlango wake kwa hatua tatu. Mke wangu hulala na wawili kitandani, mimi hulala na wawili chini, na mhudumu akikataa, tunaondoka.

Haki inadai kwamba upande wa pili nao usikilizwe. Katika mji mmoja mdogo wa kusini mwa Kitui nilizungumza kwa kirefu na mama mwenye gesti ya vyumba kumi na viwili. Alikuwa amekwisha kutukatalia, lakini alituletea watoto uji bila malipo, jambo lililonipa ujasiri wa kumuuliza sababu.

"Mwaitu," nilimwambia, "kitanda hiki kinatutosha. Kwa nini utulazimishe vyumba vitatu?"

"Mwalimu, wewe unahesabu vitanda," akanijibu. "Mimi nahesabu mitungi."

Akanieleza. Wakati wa kiangazi maji yake huletwa kwa lori, na huyauza tena ndani ya bei ya chumba. Mtu mzima mmoja huoga kwa ndoo moja na kuondoka asubuhi. Mtoto huoga mara mbili, hufuliwa nguo, humwaga ndoo nzima kwa mchezo, na akiachwa na bomba huliacha wazi. Kisha lipo suala la magodoro. Godoro likilowa mkojo mara tatu, halimfai tena mteja wa kulipa, na godoro jipya ni kodi ya vyumba kadhaa. La tatu lilikuwa makelele: madereva hulala mapema na kuamka saa tisa za usiku, na mtoto anayelia huwafukuza kwa wiki nzima.

Hoja ya maji niliikubali palepale, na yeyote anayeijua Kitui ataikubali. Hoja ya magodoro nayo ina uzito, ingawa karatasi ya plastiki chini ya shuka inaimaliza. Ile ya makelele ilinishinda kuimeza, kwa maana tulikuwa tunazungumza huku tukipaza sauti ili tusikike juu ya muziki wa baa iliyokuwa chini yetu. Alicheka nilipomwonyesha kidole sakafuni. Baada ya mabishano ya nusu saa tulipatana: chumba kimoja, magodoro mawili, shilingi mia mbili za maji, na plastiki yetu wenyewe. Nadhani wenye gesti wengi wangefika hapo kama tungewauliza juu ya hofu zao badala ya kuwanung'unikia.

Vyumba hivi havikujengwa hivi kwa chuki. Vilijengwa kwa ajili ya msafiri wa namna fulani, naye alikuwa mwanamume peke yake. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, na katika vituo kadhaa palikuwa na bangala za abiria kula na kupumzika. Baada ya reli ikaja barabara, na pamoja nayo dereva wa lori, utingo wake na mfanyabiashara wa mbuzi na maembe. Wote ilipofanywa makao makuu ya wilaya mpya ya Makueni mwaka 1992, akaongezeka afisa wa serikali. Na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, ameongezeka mhudhuria warsha, ambaye malazi yake hulipwa na mwajiri. Mwenye gesti akijenga leo, anamjengea huyu. Kitanda kimoja kikubwa, meza, runinga ukutani. Nani angemlaumu? Afisa halowanishi godoro.

Hata hivyo, kuna nyumba moja katika Makueni ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikiwapokea wasafiri bila kuuliza wamekuja wangapi. Ni hekalu la Wasikh la Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Wasikh, ambao wazee wetu waliwaita Makalasinga, walikuwa miongoni mwa mafundi na wafanyakazi wa reli, na Makindu ilikuwa kituo chao kikubwa. Jengo la hekalu lilisimamishwa mwaka 1926. Treni za abiria za siku zile zilipoacha kusimama hapo, hekalu halikufungwa. Liliwageukia watu wa barabarani, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila kudaiwa malipo. Anayetaka kutoa sadaka hutoa. Asiyenacho hula na kwenda zake.

Tumewahi kulala hapo na watoto wote wanne. Tulivua viatu, tukajifunika vichwa, na mwanangu wa tatu akafurahia kitambaa cha kichwani hata akakataa kukivua wakati wa kulala. Tulikula chapati, dengu na wali tukiwa tumechanganyika na watu tusiowajua. Pombe na tumbaku ni marufuku katika uwanja wote, na nyama haipikwi. Mzazi aliyezoea gesti zenye baa hawezi kueleza ladha ya kimya kile. Desturi ya jiko la wote, ambalo wenyewe huliita langar, inatokana na Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo aliyezaliwa mwaka 1469, naye alitaka tajiri na maskini wakae chini pamoja wakila chakula kimoja. Katika jiko kama hilo, kumhesabu mtoto kwa kidole kungekuwa aibu.

Lazima niongeze kwamba hekalu si gesti, na wako wasafiri wanaolitumia kama kwamba ni haki yao. Huacha vyumba vichafu, hufika usiku wa manane wakipiga honi. Ikiwa uwezo unao, toa chochote, na siku za sikukuu waachie nafasi mahujaji, kwa kuwa nyumba ni yao. Siwezi kupendekeza kwamba familia zote za Kenya zikalale Makindu. Ninachosema ni kwamba nyumba hiyo imeonyesha kwa karibu miaka mia moja kwamba kuwapokea watoto wengi kwa pamoja hakuivunji nyumba.

Walimu wanaonisoma watapenda kujua kwamba malazi nafuu ya vijana duniani yalibuniwa na mwenzao. Mwaka 1909 mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alikuwa katika matembezi ya siku kadhaa na wanafunzi wake walipokumbwa na dhoruba. Walijihifadhi katika shule ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu darasani. Usiku huo, huku ngurumo zikivuma, aliwaza kwamba kila kijiji kina shule na kila shule hukaa tupu wakati wa likizo. Kufikia mwaka 1912 kulikuwa na bweni la kudumu katika ngome ya Altena, na wazo lake likaenea hadi mabara mengine.

Shule za bweni za Kitui na Makueni nazo hukaa tupu mwezi wa Agosti na tena Novemba na Desemba, wakati uleule ambapo familia nyingi ziko njiani. Najua vikwazo: bodi za shule, mali ya wanafunzi, bima, walinzi. Mabweni yetu mengine hayafai hata kwa wanafunzi wenyewe, sembuse wageni. Kwa hiyo ningeanza na mahali palipo rahisi zaidi. Kaunti zina vituo vya mafunzo ya wakulima, kama kile cha Kwa Kathoka karibu na Wote, na vina mabweni ambayo hujaa wakati wa mafunzo na kupungukiwa na watu mafunzo yanapokwisha. Mwisho wa juma ambao shule huwapokea wazazi hujulikana mapema. Kuna ugumu gani kutenga vyumba vichache vyenye vitanda vya ghorofa, kuvitoza kwa chumba wala si kwa kichwa, na kuwaarifu wazazi kupitia shule? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa kaunti kazi ya leseni za biashara na utalii wa ndani. Leseni ileile ingeweza kumtaka mwenye gesti abandike ukutani bei ya chumba, bei ya godoro la ziada, na umri ambao mtoto halipiwi. Hilo halimgharimu mtu zaidi ya karatasi na kalamu.

Hadi hayo yafanyike, mzazi ajisaidie. Mimi hupiga simu kabla ya safari na swali langu la kwanza huwa hili: mnatoza chumba au mnatoza kichwa? Jibu likiwa la kusitasita, naulizia mwenye nyumba mwenyewe, kwani mhudumu wa mapokezi hana ruhusa ya kupunguza. La pili nauliza baa iko upande gani. La tatu nauliza habari ya maji, na nasema mapema kwamba nitalipia ya ziada. Neno hilo limetufungulia milango mingi Kitui kuliko tabasamu. Hubeba plastiki mbili, shuka na chandarua kikubwa kinachoweza kufunika magodoro mawili ya chini, kwa sababu chandarua cha gesti huning'inia juu ya kitanda pekee. Nyumba za wageni za makanisa huulizwa mapema. Vyumba vyake ni vya kawaida, lakini usiku ni mtulivu. Siku hizi pia zimezuka mjini Kitui na Wote nyumba za kukodi kwa usiku mmoja au miwili, zenye vyumba viwili na jiko, na kwa watu sita mara nyingi hutoka rahisi kuliko vyumba vitatu vya gesti, hasa ukizingatia kwamba uji utaupika mwenyewe.

Epuka wiki ya mahafali ya chuo kikuu kilichoko Kwa Vonza, kwani mji wa Kitui hujaa na bei hupanda. Ukiwa na siku ya ziada, wapeleke watoto kwenye jiwe la Nzambani, kilomita chache kutoka mjini, wakapande ngazi zake za chuma, na uwasimulie kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke mwanamume. Wangu walikimbia mara sita wakasimama, wakaanza kushauriana.

Kwa Desemba, piga simu kabla ya katikati ya Novemba, maana watu wa Nairobi na Mombasa wanaorudi nyumbani kwa Krismasi hawana nafasi ya kutosha katika nyumba za wazazi wao na hujaza gesti zote kuanzia Emali hadi Mwingi. Ukitakiwa kutuma arubuni kwa M-Pesa, itume kwa nambari ya gesti yenyewe wala si ya mlinzi, na katika ujumbe uandike idadi ya watoto na umri wa kila mmoja, ili usiku mtakapofika asiwepo wa kuanza kuhesabu upya.